Beacon niliyoisogeza, na mtu aliyefukuzwa kazi badala yangu

Jumamosi tarehe nane mwezi uliopita tulimzika Elkana, kule juu Kaptagat. Nimempoteza mtu ambaye tulishika naye mnyororo mmoja wa kupimia ardhi miaka minne, yeye mbele, mimi nyuma.

Wakuu, hamjambo. Mimi hapa ni msomaji tu, sijawahi kuanzisha uzi. Nilisoma mpaka darasa la saba la zamani na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Chumvi sitaongeza. Mahali nimesahau nitasema nimesahau.

Huwa nasoma humu vijana wakiuliza: mwanaume aliyeokoka afanye nini bosi akimwambia afanye uongo kazini? Majibu huja haraka. Kataa, Mungu atakupigania.

Ni jibu zuri. Lakini nadhani wengi wanaolitoa hawajawahi kuona gari limesimama nje ya mlango wao, injini inanguruma, na mke yuko ndani ya nyumba.

Mimi niliona. Acha niwaambie.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Wazungu wengi huku Uasin Gishu walikuwa wanauza mashamba na kuondoka. Watu wetu walikuwa wanaungana kwenye kampuni za kununua mashamba, kila mtu na hisa yake, halafu shamba linapimwa na kukatwa vipande. Mtu ambaye baba yake alikuwa kibarua hapo alikuwa anapata karatasi yenye namba, na hiyo namba ndiyo ardhi yake.

Hamwezi kujua ile njaa ya ardhi ilikuwaje. Watu walikuwa wanakuja kuona tu sisi tukipima. Wanasimama pembeni kutwa nzima, wanaangalia mnyororo kama watu wanaoangalia chakula kikipakuliwa.

Mimi nilitoka Western nikiwa kijana, nikapata kazi ya kushika mnyororo kwa surveyor mmoja. Nilikuwa nimeoa, tunaishi chumba kimoja cha kupanga pale Eldoret mjini. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Elkana alikuwa mwenyeji wa huku. Mrefu, mpole, anacheka bila sauti. Tulikuwa tumeokoka wote wawili, kanisa moja, na kila asubuhi kabla ya kufungua mnyororo tulikuwa tunavua kofia na kuomba. Vijana wa panga, wale waliokuwa wanatukatia njia msituni, walikuwa wanatucheka sana.

"Leo Yesu amesema ni futi ngapi?" mmoja alikuwa anauliza kila siku.

"Amesema kwanza unyoe ndevu," Elkana anamjibu. "Mnyororo unaogopa."

Sasa mnielewe kazi yenyewe, maana bila hiyo uzi hautaeleweka.

Mnyororo ni wa watu wawili. Wa nyuma anashikilia mwisho wake juu ya alama. Wa mbele anavuta mpaka unyooke, kisha anasubiri. Wa nyuma akihakikisha yuko sawasawa juu ya alama yake, anaita: "Sawa!" Hapo ndipo wa mbele anapigilia kigingi. Halafu wa nyuma anasogea mpaka kwa kile kigingi, na wanaanza tena.

Wa mbele haoni alama ya wa nyuma. Anaamini tu. Surveyor ana darubini yake ya miguu mitatu na vitabu vyake vya hesabu, lakini mwisho wa yote kazi inasimama juu ya neno la mtu wa nyuma.

Elkana alikuwa anasema hiyo ndiyo ibada yetu. Kuimba ni Jumapili. Siku za kazi ni kusema "sawa" ikiwa ni sawa.

Jambo lingine. Kila pembe ya plot tulikuwa tunaweka beacon, yaani chuma kilichosimamishwa ndani ya simiti. Chini ya simiti Elkana alikuwa anazika kitako cha chupa. Alifundishwa na mzee aliyefanya survey zamani: mtu anaweza kung'oa chuma, lakini hakumbuki kuchimba zaidi. Chupa inabaki pale chini kama shahidi.

Chupa tulikuwa tunaziokota nyuma ya nyumba ya mzungu aliyeondoka. Zilikuwa za bia karibu zote. Elkana alikuwa anazivunja anacheka: "Haya, na wewe umeokoka leo."

Shamba lenyewe lilikuwa upande wa Cheptiret. Siku ya kugawa plot wanachama walikuja wote, karatasi zenye namba zikakunjwa zikatiwa ndani ya debe, na kila mtu akatumbukiza mkono.

Mama Tabitha alipata arobaini na moja.

Huyu Mama alikuwa mjane, ana msichana mmoja mdogo. Mume wake alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwa huyo huyo mzungu, akafa kabla ya kuona hiyo siku. Plot arobaini na moja ilikuwa na chemchemi kwenye pembe ya chini. Maji safi, hayakauki hata mwezi wa pili. Wanawake walipiga vigelegele mpaka Mama Tabitha akakaa chini kwenye nyasi.

Arobaini, inayopakana nayo, ilikuwa ya Chairman wa kampuni. Sikumbuki kumuona akitia mkono kwenye debe. Labda alitia.

Chairman alikuwa mtu mzito. Alikuwa na Land Rover. Alikuwa mzee wa kanisa, tena kanisa letu, anakaa mbele. Kitabu cha majina ya wanachama kilikuwa chini ya kwapa lake siku zote, na jina langu lilikuwa ndani.

Ndiyo, wakuu. Baba yangu aliuza ng'ombe tukanunua hisa moja. Lakini plot yangu ilikuwa kwenye upande wa pili wa shamba, ambao ulikuwa bado haujapigiwa kura. Kwa hiyo siku hizo nilikuwa mtu mwenye hisa lakini hana namba.

Surveyor wetu alisafiri kwenda Nairobi wiki moja. Alituachia kazi ya kusafisha mipaka na kukazia beacon ambazo tayari zilikuwa zimewekwa.

Jumatatu saa nne asubuhi Land Rover ilishuka ile barabara ya shamba. Chairman akateremka, akatusalimia kwa mkono, akauliza habari ya mke wangu kwa jina. Sikuwa nimewahi kumwambia jina lake.

"Ndugu zangu," akasema, "kabla ya yote tuombe."

Tukavua kofia. Akaomba, akaomba. Aliombea mikono yetu. Aliombea mimba ya mke wangu. Hiyo pia sikuwa nimemwambia.

Tuliposema amina, akavaa kofia yake na kuonyesha kwa fimbo.

"Sasa ile beacon ya chini. Imekosewa. Inatakiwa kuwa huku ng'ambo ya maji. Irekebisheni."

Elkana akaangalia beacon. Akaangalia chemchemi.

"Mzee, haikukosewa. Mimi ndiye nilipigilia."

"Ndiyo maana nakuambia wewe uirekebishe."

"Mzee, huyu mwenzangu anasema 'sawa' nikiwa mbele. Nikihamisha hiyo, atasemaje sawa?"

Chairman akacheka kabisa, akamshika bega. "Wewe kijana unahubiri kuliko pastor." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Joram? Na wewe ni mhubiri?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Joram ni mgeni wetu hapa," Chairman akasema polepole. "Mgeni hana maneno mengi. Mnajua yule karani wa shamba jirani aliyepotea bado anatafutwa? Wiki ya tatu sasa. Watu wake wanazunguka tu. Mimi huwaombea."

Akaingia kwenye gari akaondoka.

Wakuu, nataka niseme ukweli kuhusu woga, maana makanisani hausemwi. Woga hauji kama simba. Huja kama hesabu. Usiku nilikuwa nalala vizuri. Ni mchana ulionisumbua. Niko kazini nashika mnyororo, na kichwani nahesabu: nikikataa, jina langu linafutwa, likifutwa, ng'ombe wa baba amekwenda, na mtoto anakuja. Halafu nahesabu tena.

"Tutamwambia surveyor akirudi," Elkana akasema tukila githeri mchana ule.

"Akirudi ni Jumatatu ijayo."

"Basi siku sita tu za kuogopa. Si nyingi."

Alikuwa anaogopa pia. Lakini kwake hofu na jibu vilikuwa vitu viwili, kila kimoja kwa nafasi yake. Kwangu mimi hofu ndiyo ilikuwa jibu lenyewe.

Jioni hiyo nilifika nyumbani nikakuta Land Rover imesimama nje ya nyumba tunayopanga. Jua bado lipo, watoto wanacheza. Dereva wa Chairman yuko ndani ya gari, injini inanguruma, hafanyi kitu. Aliniona, akaniinulia mkono vizuri tu. Akakaa pale kama nusu saa akaenda zake.

Mke wangu akaniuliza, "Huyo ni nani? Amekuwa hapo tangu saa tisa."

Nikamwambia ni mtu wa kazini.

Kesho yake, Jumanne, nyapara wetu akamtuma Elkana mjini kungojea simiti kwenye stesheni ya reli. Kazi ya siku nzima. Elkana akaniangalia kabla ya kupanda lori.

"Ndugu, usishike mnyororo peke yako leo," akasema.

Nikasema sawa.

Saa tano Land Rover ikasimama juu ya barabara. Chairman hakuteremka. Dereva akashuka akaniletea shoka na sururu, akaziweka chini mbele yangu, akarudi.

Nilibaki nimesimama. Vijana wa panga walikuwa mbali upande wa juu. Nilijaribu kuomba. Neno la Maandiko juu ya mpaka wa jirani nililijua tangu Sunday school, na lilinijia hapo hapo, wala sikuwa nimelitafuta. Nililisikia vizuri. Halafu nikaokota sururu.

Simiti ilikuwa bado changa. Nilipiga pembeni mpaka chuma kikalegea, nikakiinua chote na simiti yake. Sasa nikahitaji kipimo, maana beacon ikitupwa popote surveyor angeshtuka. Nilitaka upande wa chini wa ile plot usomeke minyororo mitatu kamili badala ya minne na kidogo. Nilifikiri akiona namba safi kitabuni ataamini.

Lakini mnyororo ni wa watu wawili.

Ndipo Mama Tabitha akatokea. Alikuwa ameteremka na birika la chai na vikombe, kama alivyofanya siku nyingine zote.

"Mwenzako yuko wapi leo?"

"Ametumwa mjini, Mama."

Akaangalia chuma kilicholala kwenye nyasi. Akaangalia sururu. Juu barabarani Land Rover ilikuwa inaonekana wazi.

"Mnarekebisha?"

"Ndiyo, Mama. Kidogo."

Akaweka birika chini. Akafunga leso yake vizuri kiunoni. "Basi nishike wapi? Nimewaona mkifanya. Wa nyuma anakaa kwa chuma, si ndiyo?"

Wakuu, hapa ndipo ningeweza kuacha. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema, Mama, rudi nyumbani, leo hakuna kazi.

Nilimpa mwisho wa mnyororo.

Akaenda mpaka beacon ya mbali, ile ya pembe nyingine ya plot yake mwenyewe, akapiga magoti akashikilia mwisho juu ya chuma kwa mikono miwili. Nikavuta. Mnyororo ukanyooka.

"Sawa!" akaita.

Nikapigilia kigingi. Akasogea. Mara ya pili: "Sawa!" Mara ya tatu nilikuwa nimesimama na chemchemi iko nyuma yangu. Nilikuwa naisikia. Yeye alikuwa ananitazama uso, na maji yote yanaonekana nyuma ya miguu yangu.

Akainua mwisho wa mnyororo, akauweka tena juu ya kigingi. Nilidhani hajaweka vizuri.

"Joram," akasema. Hakuita kwa nguvu. "Wewe ni mtu wa Mungu. Mimi hata nikifunga macho nakuamini."

Nikangoja.

"Sawa," akasema.

Nikapigilia.

Nilichimba shimo jipya, nikasimamisha ile beacon, nikashindilia. Shimo la zamani nikalifukia na kuweka nyasi juu. Chupa niliiacha chini. Watu wakisikia hadithi hii wanaweza kusema labda dhamiri iliniambia niiache. Hapana. Nilitaka tu kumaliza.

Mama Tabitha akanimiminia chai. Nilikunywa. Ilikuwa na maziwa mengi.

Jumatatu surveyor akarudi.

Kosa langu lilikuwa la mtu asiyejua hesabu. Nilidhani kitabu ndicho kinaangalia ardhi. Sikujua kwamba namba za pembe zote huzunguka na lazima zirudi zilikoanzia, na ukiharibu pembe moja zote zinalia. Alikaa na karatasi zake mpaka saa sita, akasimamisha darubini, akachungulia, akatuita.

"Beacon ya chini ya arobaini na moja imehamishwa. Nani?"

Chairman alikuwa ameshafika, na wanachama kama kumi walikuwa wamesimama. Mama Tabitha alikuwa pale, ameshika mkono wa msichana wake.

Elkana alitembea mpaka mahali pa zamani, akapiga magoti, akachimba kwa panga. Hakuchukua muda. Akainuka na kitako cha chupa ya kijani, akakifuta kwa shati.

"Ilikuwa hapa, bwana."

Surveyor akatikisa kichwa kukubali. Nilifikiri yameisha. Maji yamerudi kwa mwenyewe, na hakuna aliyetajwa.

Chairman akakohoa.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Huyu amejuaje pa kuchimba? Mtu anayejua mahali pa kitu ni yule aliyekificha. Ndugu zangu, sikutaka kusema, lakini huyu kijana alikuja kwangu. Akaniambia nikimpa pesa ya chai, atanipa maji. Nikamfukuza. Sasa mnaona." Akageuza fimbo yake kwangu. "Joram alikuwa hapo. Joram ni mtu wa Mungu. Mwulizeni."

Surveyor akanitazama. "Ni kweli?"

Mpaka leo nikifunga macho naona Elkana alivyosimama. Hakunikunjia uso. Alikuwa ananitazama vile alivyokuwa ananitazama akivuta mnyororo, akisubiri niseme.

"Sijui," nikasema.

Ni neno dogo. Lilitosha.

Elkana alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Alinipa mkono, akamsalimu Mama Tabitha, akachukua koti lake kwenye mti, akapanda barabara kwa miguu. Mmoja wa wale vijana wa panga alimpigia kelele, "Mhubiri, kumbe na wewe unakula!" Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa nakunja mnyororo.

Jina langu halikufutwa. Kura ya upande wa pili ilipopigwa nilipata plot ambayo iko umbali wa kutembea kidogo tu kutoka arobaini na moja. Udongo mzuri. Lakini maji haina. Wanawake wote wa upande wetu walikuwa wanachota kwa Mama Tabitha, na yeye hakumkataza mtu.

Kwa hiyo wakuu, hesabuni wenyewe. Mke wangu alichota pale. Watoto wangu sita walioga hayo maji. Nimebatizia watoto, nimepika chai ya wageni, nimeosha maiti ya mama yangu. Kila debe lililoingia kwangu lilipita mbele yangu kwanza.

Miezi mitatu baada ya Elkana kufukuzwa nilipanda Kaptagat kumtafuta. Nilimkuta kwenye kinu cha kupasua mbao anapanga mbao. Nikamwambia yote, pamoja na Mama Tabitha kushika mnyororo.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Siku ile mnyororo ulibaki kwako. Na chupa uliiacha."

"Mbona hukusema?"

"Ungefukuzwa wewe. Mke wako ana mimba. Mimi nina ng'ombe wa baba na hii miti." Akaendelea kupanga. Kisha akasema, "Lakini Joram, nenda umwambie surveyor. Sikutumi kwa sababu ya kazi. Ni jina. Huku juu wananiita mtu wa chai."

Nikamwahidi.

Sikuenda. Kwanza nilisema mtoto azaliwe. Kisha nilisema kura ipigwe. Kisha hati zitoke. Kisha surveyor akahama, Chairman akafa kwa ugonjwa wa sukari na tukamzika kwa heshima, na sasa hakukuwa na mtu wa kuogopa. Lakini niliendelea kuogopa. Nilikuwa nimezoea. Niliogopa watu wa kanisa, niliogopa watoto wangu.

Elkana hakunikumbusha hata siku moja. Alikuwa anakuja Krismasi na maziwa ya kibuyu, tunakaa, tunaomba, anaenda. Kila akisimama kuondoka nilikuwa naogopa kwamba leo ataniuliza. Alizeeka hivyo hivyo, na mimi nikazeeka nikimwogopa mtu aliyenisitiri.

Tarehe nane tukamzika.

Msoma historia yake alikuwa kijana wake mkubwa. Alisoma kuzaliwa, akasoma shule, akafika kwenye kazi. "Baba alifanya survey muda mfupi," akasema, akaruka mstari. Niliona macho yake yakiruka. Na nyuma yangu nikasikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Hapo ndipo alikula chai," na yule mwingine akacheka kidogo, kicheko cha mazishi.

Nilisimama. Sikuwa kwenye program. Nilishika kiti cha mtu wa mbele.

Nikasema kama nilivyowaandikia ninyi hapa. Sikusema vizuri. Nilisema, mimi ndiye nilihamisha ile beacon, nikasema Elkana alikuwa mjini kungoja simiti, nikasema nilisema sijui na nilikuwa najua. Mtu akasema "kaa chini Mzee, umechoka." Nikakataa kukaa mpaka nimalize. Hakuna aliyesema amina. Kijana wa Elkana aliangalia karatasi yake, akatoa kalamu mfukoni, akaandika kitu pembeni. Sikuona ni nini.

Sasa mtaniuliza somo. Mimi si mwalimu. Ninaloweza kusema ni kwamba nilidhani imani kazini ni kutoiba na kutokulewa. Hivyo nilivishika vizuri. Kumbe siku yenyewe ilikuja kama neno moja tu, na ilikuja nikiwa na sababu nzuri za kutolisema. Kama uko kwenye siku hiyo leo, sitakuambia usiogope. Ogopa, lakini sema. Kusubiri woga uishe ndipo useme, mimi nilijaribu miaka hamsini. Hauishi.

Waliopitia mambo kama haya kazini waandike hapa chini. Na anayetaka kunilaumu aandike pia, nitasoma yote, ila kujibu nitachelewa kwa sababu ya hiki kidole.

Nimalizie kwa lililotokea baada ya mazishi.

Tulipokuwa tunatoka, Rhoda alinifuata. Rhoda ndiye yule msichana wa Mama Tabitha, sasa ni nyanya wa watu. Yeye ndiye anakaa arobaini na moja. Mama yake alishafariki zamani.

Nilianza kusema, "Rhoda, nisamehe, mama yako hakujua..."

"Mama alijua," akasema.

Akanivuta pembeni ya njia.

"Aliniambia akiwa mgonjwa. Aliona chuma chini, aliona gari la Chairman. Hakuwa mjinga. Alisema alishika mnyororo makusudi. Alisema, nilidhani nikishika mimi, Joram atashindwa kuihamisha."

Watu walikuwa wanapita pembeni yetu na viti vichwani.

"Na siku ile Elkana anafukuzwa, Mama alikuwa hapo, nami nilikuwa nimemshika mkono. Angeweza kusema. Aliogopa Chairman atafuta namba yetu. Akanyamaza kama wewe. Ndiyo maana alitukataza kuwafungia maji. Alisema, mimi na Joram tulishika mnyororo mmoja."

Rhoda akajifunga shuka vizuri maana upepo wa Kaptagat ulikuwa umeanza, akatembea hatua chache, kisha akageuka.

"Mzee, kesho watu wanakuja kutengeneza pampu ya chemchemi. Maji yatafungwa saa nne. Mwambie mtu wako aje mapema na mitungi."